Metani ya Ziwa Kivu: vijidudu vinavyoishi na nguvu kidogo

Kila mara volkeno Nyiragongo inaposumbua, swali moja linarudi Goma, Bukavu, Kalehe na Idjwi: na gaz ya ziwa je? Tarehe 22 Mei 2021, lava ilitelemuka mpaka pembeni ya muji wa Goma. Siku tano nyuma, tarehe 27, wakaaji wa sehemu kubwa ya muji waliamriwa kuhama. Mu njia ya kukimbia, na kwenye simu, maneno yalikuwa mingi. Kuna waliosema ziwa itapasuka. Kuna waliosema gaz inapanda kila siku, na kwamba siku moja itajaa na kumwagika yenyewe.

Woga huo hauko wa bure. Zaidi ya watu milioni 2 wanaishi pembeni ya ziwa hili, upande wa Kongo na upande wa Rwanda. Lakini ili kujua kama gesi inaongezeka haraka au hapana, lazima kwanza kujua ni nani anaitengeneza, na anaitengeneza kwa mwendo gani. Jibu liko ndani ya matope, mita mamia chini ya maji, kwa viumbe vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Kuna nini chini ya maji?

Mahali penye kina zaidi, Ziwa Kivu inafika karibu mita 485. Ndani ya maji ya chini kumeyeyuka gesi za namna mbili. Ya kwanza ni gesi karboniki, karibu kilometa za ujazo 300 kama tungeitoa yote na kuipima huku inje. Ya pili ni metani, karibu kilometa za ujazo 60. Metani njo ile inayowaka, na njo ile inayotafutwa kwa kutengeneza umeme.

Gesi hizo zinabaki chini kwa sababu mbili. Moja ni uzito wa maji yenyewe. Angalia chupa ya fanta: kama haijafunguliwa, hauoni povu, kwa sababu gesi imekandamizwa ndani. Maji mingi ya juu yanafanya kazi ya kile kifuniko. Sababu ya pili ni kwamba maji ya Kivu yamepangika kwa tabaka. Chemchemi zinazoingia chini ya ziwa zinaleta maji yenye chumvi na gesi karboniki, na maji hayo ni mazito kuliko ya juu. Kwenye kina cha mita 250 na kitu, kuna tabaka linalotenganisha maji ya chini na ya juu kwa nguvu sana. Kwa hiyo maji ya chini yanaweza kukaa huko miaka mamia bila kuchanganyika na ya juu.

Oksijeni nayo haishuki mbali. Hata katika msimu mzuri, inaishia karibu mita 60. Ndiyo maana sambaza, wale samaki walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, wanaishi juu tu. Chini ya hapo hakuna samaki hata mmoja anayeweza kupumua. Lakini maisha hayajaisha.

Volkeno na vijidudu, kila mmoja na kazi yake

Wengi wanafikiri gesi zote zinatoka kwa volkeno. Kwa gesi karboniki, ni kweli kwa sehemu kubwa. Ni ile ile inayotoka ndani ya udongo pembeni ya Goma, kama vile Lac Vert au Bulengo, na ambayo sisi wote tunaiita mazuku. Lakini metani ya Kivu, kwa sehemu kubwa, inatengenezwa na vijidudu vyenye uhai.

Vijidudu hivyo haviko bakteria. Zamani viliwekwa kwenye kundi la bakteria, mpaka mwaka 1977, wakati Carl Woese na George Fox, watafiti wa Marekani, walipoonyesha kwamba viko na ukoo wake peke yake. Leo kundi hilo linaitwa arkea. Vile vinavyotengeneza metani haviwezi kukua mahali penye oksijeni. Vinakaa kwenye matope ya maziwa, kwenye mabwawa, kwenye mashamba ya mpunga yenye maji, kwenye shimo la choo, na hata ndani ya tumbo la ngombe.

Vinakula nini? Vijidudu vya Kivu vinapata chakula kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza: vinachukua hidrojeni na gesi karboniki, vinaviunganisha, vinatoa metani na maji. Kwa kila chembe moja ya gesi karboniki vinahitaji chembe nne za hidrojeni. Ya pili: vinachukua asetati, yaani kitu cha ukoo wa siki, kinachobaki wakati vijidudu vingine vimeozesha majani na viumbe vya ziwa vilivyokufa na kuzama. Asetati inakatwa vipande viwili: kipande kimoja kinakuwa metani, kingine gesi karboniki. Makisio yanayotumiwa zaidi kuhusu Kivu ni kwamba karibu theluthi moja ya metani inatoka kwa asetati, na theluthi mbili kwa gesi karboniki.

Maisha ya kuhesabu franka

Hapa njo tunaingia kwenye moyo wa habari. Kila kiumbe kinahitaji nguvu ili kiishi. Ndani ya chembe ya uhai, nguvu inahesabiwa kwa kitu kinaitwa ATP. Tuichukue kama franka: kila kazi ya chembe inalipwa na ATP.

Kiumbe kinachovuta oksijeni ni tajiri. Kwa kiasi kimoja cha sukari ambacho wanakemia wanaita moli, kinaweza kutoa karibu kilojuli 2,870. Kijidudu cha metani, hata kikipewa hidrojeni tele mu laboratwari, kinapata karibu kilojuli 131 kwa moli moja ya metani. Na ndani ya matope ya kweli, ambako hidrojeni ni haba, faida inashuka mpaka kilojuli 20 au 40 hivi. Kwa asetati nako, hata katika hesabu ya laboratwari, ni karibu 36 tu.

Faida hiyo ni ndogo sana. Aina nyingi zinazokula hidrojeni zinalazimika kutengeneza metani karibu mbili ili kupata ATP moja. Ni kama mama anayeuza makala kwa vikopo: kila kikopo kinamwachia kitu kidogo, kwa hiyo hawezi kukosea hesabu hata siku moja. Akinunua kiloba kwa bei mbaya, jioni watoto wanalala njaa.

Sasa, ndani ya kila kijidudu kuna jeni. Jeni ni kama kitabu cha maagizo: kila moja inasema namna ya kutengeneza proteini fulani, na proteini ndiyo chombo cha kazi. Lakini kutengeneza proteini kunakula ATP mingi. Kijidudu kikifungua jeni zake zote kwa mara moja, kitafilisika. Lazima kifungue zile zinazohitajika leo na kufunga zingine. Na kinachoamua, mara nyingi, ni wingi wa chakula na nguvu inayopatikana.

Mbabula mbili ndani ya nyumba moja

Mfano uliochunguzwa zaidi ni wa arkea mmoja aliyepatikana kwenye uchafu wa mifereji ya muji wa Urbana, Marekani, na kuelezwa mwaka 1972 na watafiti Zeikus na Wolfe. Leo anaitwa Methanothermobacter thermautotrophicus. Anapenda joto la digri 65 na anakula hidrojeni na gesi karboniki. Haiko kijidudu cha Kivu, lakini ametufundisha namna ukoo wake unavyofanya hesabu.

Hatua ya mwisho ya kutengeneza metani inafanywa na enzimu moja inayoitwa MCR. Ndani yake kuna chuma kinachoitwa nikeli, na bila nikeli haifanyi kazi. Arkea huyu iko na MCR za aina mbili, na kila moja iko na jeni zake.

Fikiria nyumba yenye mbabula mbili. Moja ni kubwa: inaivisha haraka, lakini inataka makala mingi. Ingine ni ndogo: inaivisha polepole, lakini hata na makala kidogo inashika moto vizuri. Siku makala yako tele, mama anawasha kubwa. Siku ya shida, anawasha ndogo. Arkea huyu anafanya vile vile. Hidrojeni ikiwa mingi, anafungua jeni za MCR yenye mwendo wa haraka. Hidrojeni ikipunguka, anazifunga, anafungua za MCR ile inayoweza kukamata chakula hata kikiwa kidogo.

Watafiti walijuaje? Njia moja ni ya kushangaza kwa urahisi wake. Gesi ya hidrojeni haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Kwa hiyo, mu pipa la laboratwari, ukikoroga haraka, hidrojeni mingi inafika kwa vijidudu. Ukikoroga polepole, inafika kidogo. Watafiti walibadilisha mwendo wa kukoroga na kiasi cha hidrojeni, kiisha wakapima ni jeni gani zinasomwa. Zile mbili zilipishana kama ndugu wawili wanaotumia kiti kimoja: mmoja akiinuka, mwingine anaikaa.

Na haikuishia kwenye hatua ya mwisho. Kuna hatua nyingine katikati ya njia ambayo nayo iko na enzimu mbili. Moja inatumia hidrojeni moja kwa moja, na jeni yake inafunguliwa wakati hidrojeni iko mingi. Ingine inapokea nguvu kupitia kibebaji kinachoitwa F420, na inachukua nafasi wakati wa uhaba.

Jambo lingine linashangaza. Hidrojeni ikiwa mingi, arkea huyu anatoa metani kwa haraka, lakini sehemu ya faida inapotea bila kujenga mwili wake. Hidrojeni ikiwa kidogo, anatoa metani polepole, lakini kwa kila metani anajenga mwili zaidi. Yaani mu utajiri anamwaga, mu uhaba anabana matumizi.

Kubadilisha chakula chenyewe

Vijidudu vingine havibadilishi chombo tu, vinabadilisha hata chakula. Methanococcus maripaludis, arkea wa matope ya bahari, anakula hidrojeni, lakini anaweza pia kula formati. Hidrojeni ikiwa tele, anafunga jeni za kushugulikia formati. Ikipunguka, anazifungua na kutafuta upande huo.

Kuna pia ukoo unaoitwa Methanosarcina, ambao uko na uwezo wa kula vitu vingi: asetati, metanoli, na vingine. Jeni za mmoja wao, Methanosarcina acetivorans, zilisomwa zote mwaka 2002, na wakati ule hakukuwa arkea mwingine aliyejulikana kuwa na kitabu kikubwa kama hicho. Metanoli inampa faida zaidi kuliko asetati. Kwa hiyo ikiwepo metanoli, anaila kwanza na jeni za asetati zinakaa karibu zimefungwa. Ikiisha, ndipo anazifungua. Ni akili ya kawaida: hauendi kukata kuni mbali kama makala bado iko nyumbani.

Tusielewe vibaya: kijidudu hakina ubongo, hakifikiri. Ndani yake kuna proteini zinazoshika jeni na kuzifungua au kuzifunga kufuatana na hali ya chembe. Kizazi kwa kizazi, wale waliokosea hesabu walikufa, na waliobaki ni wale wenye hesabu nzuri.

Hii inatuhusu nini sisi wakaaji wa pembeni ya ziwa?

Inatuhusu kwa mambo matatu.

La kwanza ni woga wa gesi kuongezeka. Kazi ya vijidudu hivi inafungwa na chakula kinachowafikia. Hata kijidudu kikifungua jeni zake za haraka, bila hidrojeni na asetati hakiwezi kutoa metani ya kujaza ziwa kwa mwaka mmoja au kumi. Gesi iliyoko chini imekusanyika kwa muda wa mamia ya miaka. Sehemu inayopanda polepole kuelekea juu inakutana na vijidudu vya ukoo mwingine, vinavyokula metani, na ni kidogo tu kinachofika hewani.

Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walilinganisha vipimo vyao na vile vya miaka ya 1970, wakaona kama metani imeongezeka karibu asilimia 15 ndani ya miaka 30. Habari hiyo ilitembea sana na ikaleta hofu. Lakini mwaka 2018, vikundi mbalimbali vilikutana kwenye ziwa na kupima kwa vyombo tofauti. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kwamba hakuna ongezeko la kuonekana: kiasi cha gesi kiko karibu sawa na cha zamani. Na mahali penye hatari zaidi, karibu mita 320 chini, nguvu ya gesi iko kidogo juu ya nusu ya ile inayohitajika ili ianze kutoka povu yenyewe.

Je, hatari haipo? Ipo. Nchini Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos ilitapika gesi karboniki usiku, na watu zaidi ya 1,700 walikufa. Kivu iko kubwa zaidi kwa mbali. Kinachoogopesha hapa ni tukio kubwa la volkeno chini ya ziwa lenyewe, linaloweza kusukuma maji ya chini kwenda juu. Lava inayoingia kwa juu ni jambo lingine: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, na tabaka za chini hazikutikisika. Kwa hiyo la kuchungwa zaidi ni mwendo wa volkeno, kuliko vijidudu.

La pili ni umeme. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt, karibu na Karongi, kinavuta maji ya chini, kinatoa metani na kutengeneza karibu megawati 26. Upande wetu, mwaka 2022 serkali ilitangaza bloki 3 za gesi ya Kivu kutafutiwa wawekezaji. Hapa mwanainchi iko na haki ya kuuliza. Maji yakishatolewa gesi yanarudishwa kwenye kina gani? Yakirudishwa mahali pabaya, yanaweza kulegeza tabaka zinazotulinda, au kupandisha chumvi na uchafu wa chini kwenye maji ya sambaza. Nani atapima, na matokeo yatatangazwa wapi? Na tukumbuke hesabu: vijidudu vinarudisha gesi polepole sana kuliko mashine zinavyoweza kuitoa. Metani ya Kivu inazaliwa upya, lakini si kwa mwendo wa haraka ya binadamu.

La tatu liko nyumbani kabisa. Wengine wetu wanajenga mitambo midogo ya biogazi, ya mavi ya ngombe au ya nguruwe, ili kupunguza makala inayomaliza miti ya Virunga na Kahuzi-Biega. Wanaofanya kazi ndani ya shimo hilo ni ukoo ule ule. Ukijua tabia yao, utajua pia juu ya nini mtambo unakataa. Vijidudu vinavyotengeneza siki vinakua haraka. Vya metani vinakua polepole. Ukimwaga chakula kingi kwa mara moja, vya siki vinakimbia mbele, shimo linakuwa chungu, na vya metani vinalemewa. Moto unazimika. Basi, lisha kidogo kidogo, kila siku, kiasi kilekile. Usibadilishe chakula kwa gafla: vijidudu vinahitaji muda wa kufungua jeni zingine na kuongezeka. Usiingize sabuni ya nguvu wala dawa ya kuua wadudu. Ukiona harufu ya siki na moto unapunguka, simamisha kulisha siku kadhaa, uache shimo litulie.

Mambo ya kutochanganya

Mazuku na metani ni vitu viwili. Mazuku ni gesi karboniki, nzito kuliko hewa, inalala mu mabonde na mashimo, haina rangi wala harufu, na inaua hata kama ziwa imetulia. Mahali pamejulikana kuwa na mazuku, watoto wasichezee chini, na mifugo isifungwe huko. Mtu akianguka ndani, usimrukie peke yako, maana na wewe utaanguka, itana musaada.

Metani ni nyepesi kuliko hewa, na inawaka. Ile ya Kivu imefungwa chini ya maji, na vijidudu vinavyoitengeneza vinaendelea na kazi yao kwa faida ndogo, bila haraka. Tena ukisikia mtu anasema gaz ya ziwa imepanda wiki hii, muulize swali moja rahisi: nani amepima, kwenye kina gani, na kwa chombo gani? Kama hana jibu, subiri tangazo la OVG, ofisi ya Goma inayofuatilia volkeno, kabla ya kulituma kwa wengine.